Farmall: Trekta Iliyojifunza Kupalilia Mahindi

Wiki hii naweka programu kando kidogo na kuingia shambani. Msikimbie lakini! Mada ni ile ile ya siku zote: kwa nini mashine moja hufaulu na nyingine, hata ikiwa rahisi kwa bei, huishia njiani.

Mashine yenyewe ni Farmall, trekta ya kampuni ya International Harvester ya Marekani. Zile za zamani bado zipo. Huko Iowa, Illinois na majimbo jirani wako watu wanaozitunza, na kila mahindi yakiota wanazifunga majembe ya palizi na kuingia nazo mistarini. Ukiitazama ikifanya kazi utafikiri ni mchezo wa wazee. Kumbe ndani yake kuna somo ambalo sisi tulisomea chuoni kwa jina jingine.

Tatizo: kulima si kazi yote

Henry Ford alianza kuuza trekta yake, Fordson, mwaka 1917. Mwaka 1922 aliishusha bei hadi dola 395. Ilikuwa ndogo, nyepesi na ilivuta plau vizuri, basi wakulima wengi wakainunua.

Ila mahindi hayamalizwi na plau. Mbegu ikishaota, magugu nayo yanaota, na zile wiki chache za mwanzo ndizo zinazoamua mavuno. Lazima upite katikati ya mistari mara mbili au tatu. Fordson haikuweza. Ilikuwa fupi, tumbo lake karibu na ardhi, na magurudumu yake hayakupangwa kufuata mistari. Ukiiingiza kwenye mahindi machanga, unayalaza.

Kwa hivyo mkulima alilima kwa trekta, kisha akarudi bandani kuchukua farasi wa kupalilia. Na farasi hula kila siku, awe na kazi asiwe nayo. Karibu na mwaka 1920 Marekani ilikuwa na farasi na nyumbu wapatao milioni 25, na sehemu kubwa ya mashamba ilipandwa chakula chao. Mwenye Fordson alilipa mara mbili: mafuta ya trekta na shayiri ya farasi.

Waliosoma kompyuta wanaijua Sheria ya Amdahl, iliyotokana na hoja aliyoitoa Gene Amdahl mwaka 1967: ukiharakisha sehemu moja tu ya kazi, faida yako inazuiwa na sehemu uliyoiacha. Chukua mfano wangu wa kubuni. Kazi yote ni siku 10, kulima siku 4, palizi siku 6. Hata kama trekta italima kwa kupepesa jicho, siku 6 ziko pale pale. Ford aliharakisha zile 4. Zile 6 zilibaki kwa farasi.

Jibu la Benjamin

Watu waliliona tatizo mapema. Mnamo 1917 International Harvester yenyewe ilitoa mashine ya injini ya kupalilia tu. Haikuuzika vizuri. Nani atanunua injini ya wiki chache kwa mwaka?

Mhandisi wa kampuni hiyo, Bert R. Benjamin, aling'ang'ania wazo jingine: mashine moja ilime, ipande, ipalilie na izungushe mashine nyingine kwa mkanda. Jina Farmall linasema hivyo hivyo, inayofanya yote ya shambani. Mwaka 1924 zilitengenezwa 200, bei dola 825. Wakubwa walihofu kwamba ingeua soko la trekta yao nyingine, ile ya 10-20, basi ikauzwa kimya kimya, kwanza Texas. Mwaka 1926 ikapata kiwanda chake Rock Island, Illinois. Kufikia 1930 zilikuwa zimetoka 100,000. Ford aliacha kutengeneza Fordson nchini Marekani mwaka 1928.

Angalia bei tena. Farmall iligharimu zaidi ya mara mbili ya Fordson ya 1922, lakini iliweza kumwondoa farasi bandani. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka.

Inavyofanya kazi

Magurudumu mawili ya mbele yamebanwa pamoja, yanapita katikati ya mistari miwili. Yale ya nyuma yametanuka, kila moja nje ya mstari wake. Ekseli ya nyuma imeinuliwa juu kwa gia zilizofungwa karibu na magurudumu, ili mahindi yapite chini bila kuvunjika. Breki hufunga gurudumu moja la nyuma ili ugeuke pale pale mwisho wa shamba.

Majembe ya palizi hayavutwi nyuma, yamefungwa ubavuni, mbele ya dereva. Hili ndilo ninalolipenda zaidi. Kifaa kikiwa nyuma, ukigeuza usukani kulia kinaanza kwa kuyumba kushoto, nawe huoni ulichokata mpaka umeshakata. Kikiwa mbele ya ekseli ya nyuma, kinakwenda upande unaogeukia, na macho yako yako juu yake. Sisi tungesema marejesho hayana ucheleweshaji.

Palizi ya kwanza ni ya polepole kama mtu anayetembea. Mabati hufungwa pande zote mbili za mstari ili udongo usizike mche. Majembe yenyewe ni bapa kama mguu wa bata, yanakata mizizi karibu na uso wa ardhi. Palizi ya mwisho mabati hutolewa, mwendo unaongezwa, na udongo unatupwa kwenye shina ili ufunike magugu madogo.

Mwaka 1939 ikaja Farmall A: injini imesogezwa kushoto, dereva amekaa kulia, ili aone mstari moja kwa moja chini yake. Kampuni iliita mpango huo Culti-Vision. Kumpangia mtumiaji mahali pa kutazama hakukuanza na skrini, jamani :-)

Upana wa farasi

Mistari ya mahindi wakati huo iliachana kwa inchi 40 hadi 42, zaidi ya mita moja. Kwa nini? Kwa sababu farasi alihitaji nafasi ya kupita. Wengi walipanda kwa waya wenye vifundo, mashina yakakaa kama miraba ya drafti, wakaweza kupalilia kwa urefu kisha kwa upana. Farmall ilijengwa ifae mistari hiyo hiyo. Farasi aliondoka, kipimo chake kikabaki shambani kwa miaka mingi. Sote tumewahi kurithi programu ya namna hiyo.

Kilichokibana ni dawa. 2,4-D iliingia sokoni mwishoni mwa vita, 1945, na atrazine mwaka 1958. Kwa kuwa hakuna haja ya kupita mara tatu, mistari ikasogezwa hadi inchi 30, na majembe ya palizi yakaachwa yashike kutu. Mahindi yanayostahimili glyphosate yalianza kuuzwa 1998. Kufikia 2005 Marekani ilikuwa na aina za mchicha pori zisizouawa na glyphosate. Magugu nayo hujifunza. Sasa jembe la chuma limerudi, safari hii likiongozwa na kamera na setilaiti, hasa kwa wakulima wasiotumia kemikali.

Na sisi je?

Isisomwe kama hadithi ya ushindi mtupu. Trekta ilipunguza mikono iliyohitajika, na vibarua wengi na wenye mashamba madogo wasioweza kulipa mkopo walihama. Mashine ikiondoa kazi ngumu, huondoa pia mshahara wa mtu.

Lakini tazama kwetu. Trekta zinazolima Trans Nzoia ni nyingi. Mahindi yanapandwa kwa sentimita 75, karibu sawa na zile inchi 30. Trekta ikishalima inaondoka, na palizi inabaki kwa jembe la mkono. Mara nyingi mkono huo ni wa mama. Wangu amepalilia ekari zetu miaka yote niliyomfahamu, na hakuna trekta iliyowahi kumpunguzia hata mstari mmoja.

Ndiyo maana nikiona programu mpya ya simu ya "kuleta mapinduzi kwa mkulima" nauliza swali moja: inagusa zile siku 4 au zile siku 6? Bei za soko na utabiri wa mvua ni vizuri. Ila anayetaka kuwa Benjamin wa hapa kwetu akae kwanza shambani mwezi wa palizi, ahesabu saa, na aone ni mgongo wa nani ulioinama.

Haya, tukutane wiki ijayo.