Kache ya Kauli za SQL: Kazi ya Draiva au Yetu?

Haya wadau, leo tuache siasa za bweni, tuingie historia ya kompyuta. Kauli ya SQL ikishaandaliwa mara moja, nani aitunze isiandaliwe upya? Draiva, au sisi tunaoandika programu? Huku kwetu watu hulibishania kama Simba na Yanga. Mimi naona historia imeshajibu: aitunze yule anayeujua muunganisho.

Kwanza, kuandaa ni nini? Kanzidata inaisoma kauli, inaikagua, halafu inapanga njia ya kufikia data. Kauli ileile ikija mara elfu, kurudia yote hayo ni sawa na kusonga ugali upya kwa kila tonge.

Miaka ya 1970 IBM, kule San Jose, Marekani, walijenga System R. Programu ya COBOL au PL/I ilichambuliwa kabla ya kuendeshwa, na mipango ya kauli zake ikatunzwa ndani ya kanzidata yenyewe. Indeksi ikifutwa, mpango ulioitegemea unatengenezwa upya. Mwandishi wa programu wala hana habari.

Baadaye kauli zikaanza kutumwa moja kwa moja programu ikiwa inatembea. Java ilipopata JDBC mwaka 1997, mwandishi alishika PreparedStatement mkononi mwake. Kwenye DBI ya Perl, ukitaka kache unaita prepare_cached mwenyewe. Kwa programu yenye muunganisho mmoja, hakuna tatizo.

Kasheshe ililetwa na wavuti. Miunganisho ikawa ya kuazimana: unachukua, unatumia, unarudisha. Sasa kauli iliyoandaliwa, kwa kanzidata kama PostgreSQL, huishi ndani ya muunganisho wake tu. Ukiurudisha, huwezi kuondoka nayo. Ndiyo maana JDBC 3.0, mwaka 2002, iliruhusu kauli uliyoifunga irudi kwenye akiba kimyakimya. Mwaka 2015 draiva ya Java ya PostgreSQL nayo ikapata kache yake: usipobadilisha kitu, inakumbuka hadi kauli 256 kwa kila muunganisho, na huiandaa kauli kwenye seva ikishatumika mara 5. HikariCP, inayosimamia miunganisho ya kuazimana, ilikataa katakata kuweka kache hiyo kwake. Kazi hiyo ni ya draiva, basi.

Lakini msishangilie mapema. Kauli 250 mara miunganisho 20 ni kauli 5,000 zinazokula kumbukumbu ya seva. Na ukiweka PgBouncer katikati, ikigawa miunganisho kwa kila muamala, draiva inadanganyika: inaita kauli iliyoandaliwa kwenye muunganisho mwingine kabisa, na seva inajibu haipo. Ilibidi tusubiri toleo la 1.21, mwaka 2023, ndipo PgBouncer ikaanza kuzifuatilia yenyewe. Mnaona? Anayeujua muunganisho kwa kweli alikuwa yeye, siyo draiva.

Sasa sisi tubaki na nini? Kuandika kauli isiyobadilika. Ukibandika namba ya mwanafunzi ndani ya SQL, wanafunzi elfu wanakuwa kauli elfu tofauti, na hakuna kache itakayokuokoa. Acha nafasi ya thamani, tuma namba pembeni. Hapo hapo unakuwa umemfungia mlango mhuni anayetaka kupenyeza SQL yake kupitia fomu yako. Hiyo kazi draiva haiwezi kukufanyia.