Gofu na Mahame: Kanisa la Wharram Percy

Gofu ni jengo lililobaki kuta tu. Mahame ni mahali palipohamwa na watu. Tofauti hii yafaa kuzingatiwa tunapozungumzia urithi wa kale, kwani kanisa la Mtakatifu Martin huko Wharram Percy, Yorkshire, Uingereza, lilisimama katika mahame kwa zaidi ya miaka mia nne kabla halijawa gofu.

Kijiji kilihamwa muda mfupi baada ya mwaka 1500, wenye ardhi walipogeuza mashamba ya nafaka kuwa malisho ya kondoo. Kanisa halikufa pamoja nacho, kwa sababu parokia yake ilikuwa na vijiji vingine, na wakazi wake waliendelea kuteremka bondeni kusali na kuzika maiti wao. Kijiji cha Thixendale kilipojengewa kanisa lake mwaka 1870, waumini walipungua. Ibada ya mwisho ilifanyika mwaka 1949; mwaka 1959 sehemu ya mnara ikaanguka.

Historia hiyo imo kutani. Uchimbaji ulioongozwa na Maurice Beresford na John Hurst kati ya 1950 na 1990 ulidhihirisha kwamba kanisa dogo la awali lilipanuliwa, likaongezewa sehemu za pembeni, kaskazini na kusini. Watu walipopungua, sehemu hizo zilibomolewa na matao yake yakazibwa kwa mawe.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1979 kuhusu kumbukumbu za kale haikuruhusu jengo la dini lingali likitumiwa kwa ibada liandikishwe katika orodha yake. Yaani, kanisa huingia katika ulinzi huo baada ya waumini kutoka. Hapo ndipo penye hatari: mlinzi aweza kuutukuza ufundi wa waashi, akatamani hata kuyafungua matao ili jengo lipendeze. Angefanya hivyo, angefuta ushahidi wa jinsi parokia ilivyopungua.

Leo shirika la English Heritage linatunza kuta hizo bila kuziezeka, pamoja na misingi ya nyumba iliyofunikwa na nyasi kando yake. Hiyo ndiyo njia iliyo sawa. Nasi tunaotunga istilahi za urithi tusiridhike na neno magofu peke yake. Neno mahame ndilo linalowataja watu waliohama.