Mwewe, kipanga, kozi, tai na tumbusi: kumtaja ndege mbuai kwenye picha

Ndege mbuai ni ndege mwenye mdomo uliopinda na kucha kali, aishiye kwa kuwinda au kwa kula mizoga. Katika mazungumzo ya kila siku, hasa mijini, karibu kila ndege wa namna hiyo huitwa mwewe. Matumizi hayo humtosha mtu anayelinda vifaranga uani. Hayatoshi katika maelezo ya picha, kwa kuwa jina linaloandikwa chini ya picha huwa ushahidi wa ndege aliyeonekana, mahali na siku hiyo. Haja hiyo ni kubwa mahali kama Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambapo msitu wa Pugu-Kazimzumbwi uko jirani na makazi na dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi: ndege wa msituni na ndege wa jalalani huweza kupigwa picha katika anga moja.

Ngeli
Majina yote matano hufuata upatanisho wa a-/wa-: mwewe huyu, mwewe hawa, tai mkubwa, tai wakubwa. Kipanga huwa vipanga katika wingi: vipanga wawili wameruka. Upatanisho ndio unaotenga maana pale neno linapofanana na jingine. Tai mweusi ni ndege, tai nyeusi ni vazi la shingoni. Kozi huyu ni ndege, kozi hii ni mafunzo. Kipanga huyu ni ndege, kipanga hiki ni panga dogo.

Maana na alama
Mwewe: ndege wa kahawia wa jenasi Milvus, mwenye mkia wenye panda, ambao huupindapinda anaporuka. Hula mabaki na huonekana sana karibu na watu. Mwewe mpevu wa Afrika ana mdomo wa njano.
Kipanga: mwindaji mwenye mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu. Umbo hilo humwezesha kupenya kati ya miti.
Kozi: ndege wa jenasi Falco, mwenye mabawa marefu yaliyochongoka. Aina nyingi zina alama nyeusi chini ya jicho, mfano wa sharubu.
Tai: mwindaji mkubwa mwenye mabawa mapana, mdomo mzito na kichwa chenye manyoya kamili. Tai mla samaki, aitwaye pia furukombe, hutambulika kwa kichwa, kifua na mkia mweupe.
Tumbusi: mla mizoga mwenye mabawa mapana sana na mkia mfupi. Aina nyingi zina kichwa na shingo vyenye manyoya machache.
Mpaka kati ya kipanga na kozi hubadilika kutoka eneo hadi eneo, na wapo wanaomwita mwewe kipanga. Kwa hiyo katika maandishi ya kitaalamu jina la kisayansi huongezwa.

Picha inavyopotosha
Ndege aliyepigwa picha dhidi ya anga angavu huonekana mweusi hata kama ni wa kahawia. Katika hali hiyo umbo huaminika kuliko rangi. Ukubwa haupimiki pasipo kitu cha kulinganisha, kama vile kunguru aliye kando yake. Panda ya mkia wa mwewe hupungua au hupotea anapoutandaza, na manyoya yanayobadilishwa huacha mapengo. Mwewe mchanga wa Afrika ana mdomo mweusi, hivyo mdomo pekee hauwezi kumtenga na mwewe mweusi, Milvus migrans, ahamiaye kutoka Ulaya na Asia. Picha kadhaa za ndege yuleyule, ikiwemo moja ya upande wa chini, hufaa kuliko picha moja nzuri.

Tai au tumbusi?
Tai ni neno lenye mzigo wa maana mbili. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, neno hilo hutumika kwa ndege mwenye nguvu wa Isaya 40:31 na pia kwa ndege wanaokusanyika penye mzoga katika Mathayo 24:28. Matumizi hayo yamezoeleka, lakini katika habari za uhifadhi huficha jambo. Mizoga inayotiwa sumu ili kuua simba huua tumbusi wengi kwa mara moja, kwa sababu hula kwa makundi. Tumbusi mgongo-mweupe, Gyps africanus, aliwekwa na IUCN mwaka 2015 katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Taarifa isemayo “tai wamekufa” haimwambii msomaji ni ndege gani waliopotea.

Mifano ya matumizi
Si sahihi: Tai hizi zinakula mzoga.
Sahihi: Tumbusi hawa wanakula mzoga.
Haitoshi: Mwewe, Pugu.
Bora: Mwewe mpevu, mdomo wa njano, akiruka juu ya dampo, Pugu Kinyamwezi.
Alama zisipotosha: Ndege mbuai, huenda ni kipanga, mkia haukuonekana.

Neno huenda halipunguzi thamani ya maelezo. Jina la jumla lililo sahihi humsaidia atakayeitazama picha baadaye, ilhali jina mahususi lililokisiwa huingia katika kumbukumbu kama ukweli.