Wapangaji wa Bundi

Nilikuwa na miaka 14 nilipopandishwa darini na kifagio na gunia tupu. Bundi alikuwa amekaa juu ya chumba cha bibi msimu mzima, na bibi hakutaka kuuvumilia uchuro ule hata siku moja zaidi. Nilizoa manyoya, vinyesi na madonge meusi yaliyojaa mifupa ya panya, nikayachoma nyuma ya nyumba. Bundi hakurudi. Nilipewa soda.

Gunia lile nimelikumbuka mwaka huu, nikisoma historia ya sayansi kwa ajili ya shahada ya uzamili, nilipokutana na daktari mmoja Mwingereza, Norman Joy.

Joy (1874–1953) alikuwa tabibu Bradfield, Berkshire. Baada ya kazi alikusanya mbawakawa. Wakusanyaji wengi walipiga matawi, waligeuza mawe na kubandua magome. Joy alitia mkono viotani. Mwaka 1906 alichapisha makala kuhusu mbawakawa wanaopatikana katika viota vya wanyama na ndege. Alifukua viota vya fuko, akapekua matundu ya miti, na baadhi ya wadudu waliohesabiwa kuwa nadra sana wakaonekana kuwa na kwao. Tatizo halikuwa uchache wao. Hakuna aliyekuwa amewabishia hodi.

Kiota cha bundi ni nyumba ya namna ya pekee. Bundi wa maghalani hajengi kwa vijiti. Hutaga juu ya madonge anayoyatapika, yale ya manyoya na mifupa isiyomeng'enyeka. Juu ya tandiko hilo hufuata vinyesi, mabaki ya mawindo, mayai ya nzi na funza. Mbawakawa aitwaye Trox scaber, mdogo, mweusi, mwenye mgongo wa mikwaruzo, hula manyoya na mabaki makavu ambayo wadudu wengi hawayawezi. Ukimgusa hujifanya amekufa. Wale wa jenasi ya Gnathoncus huwinda funza. Bundi hula panya, na chini yake kuna jamii nzima inayokula makombo yake.

Mwaka 1932 Joy alitoa kitabu chake kikubwa cha kutambulia mbawakawa wa Uingereza. Mwaka huohuo, George Blaker aliongoza hesabu ya bundi wa maghalani nchini humo, na makadirio yakawa jozi 12,000 hivi kwa England na Wales. Hesabu ya miaka ya 1980, iliyoongozwa na Colin Shawyer, ilipata jozi 3,800 hivi. Katikati ya hesabu hizo mbili nyasi ndefu zilikuwa zimelimwa, maghala ya kale yamebomolewa au kugeuzwa makazi ya watu, na sumu kama dieldrin zimepakwa kwenye mbegu.

Kupungua kwa bundi kuna tarakimu kwa sababu watu walihesabu jozi. Wapangaji wake hawakuhesabiwa. Kiota kikitoweka, ndege ataandikwa kwenye takwimu, lakini walioishi chini ya miguu yake wataondoka bila hata jina lao kutajwa. Sisi wanafunzi wa historia tunaujua mtindo huo: daftari la ushuru humtaja mwenye nyumba, na wapangaji wa uani hupita kimya.

Leo bundi wa Uingereza huwekewa masanduku ya kutagia, na sanduku likijaa husafishwa. Ni jambo jema kwa bundi. Ila mtu mwenye koleo anaweza kutulia dakika mbili na kuangalia kinachotembea kabla ya kumwaga. Joy hakuwa na zaidi ya hayo: mikono, macho na subira ya kukaa na uchafu.

Jumapili nilimpigia bibi simu, nikamweleza kwamba huenda niliteketeza kijiji kizima siku ile.

“Mjukuu wangu,” alisema, “na huyo daktari wako, mkewe alimruhusu kuingia ndani na uchafu huo?”

Nikacheka. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia kuna bundi mwingine darini tangu mwezi uliopita.

“Basi usimtume mtu, bibi,” nikasema. “Nakuja mwenyewe.”