Injini Haijengwi, Husukwa

Siku hizi inaenezwa istilahi "ujenzi upya wa injini", na kila niionapo natamani kumwuliza aliyeipitisha kama amewahi kumwona mwashi akipima pistoni. Kamati iliyoibariki sitaitaja. Niliipelekea pendekezo langu kwa maandishi. Jibu halikuja, istilahi yao ndiyo iliyokuja, tena imepigwa chapa.

Pendekezo langu ni msuko.

Neno hili si geni kwa yeyote. Tunasuka ukili, tunasuka nywele, tunasuka njama, na magazeti ya michezo hayachoki kutuambia kocha kasuka upya kikosi. Mota ya kinu cha posho ikiungua hapa Chebunyo, hakuna anayetaka ijengwe, inapelekwa kusukwa. Na kabla ya kusuka kuna kufumua, kinyume cha kufuma, kama vile kufungua kulivyo kinyume cha kufunga. Kwenye kufuma huko ndiko tulikopata mfumo, neno ambalo kamati hizohizo hulimwaga kila ukurasa: mfumo wa mafuta, mfumo wa breki, mfumo wa kupoza. Msomi mmoja mwenye jina kubwa alinipinga kwamba injini haina nyuzi. Basi na atuonyeshe nyuzi za mfumo wa elimu. Mwingine alihofia kuwa kufumua kutachanganywa na mfumuko wa bei. Huyo nilimwacha.

"Ukarabati" nao ni mpana mno. Hata choo cha shule hukarabatiwa.

Tuitazame kazi yenyewe. Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally ya 1997 ndani ya Subaru Impreza, gari hilo lina wapenzi hata huku Chepalungu, chini ambako majani ya chai hayafiki. Likiletwa gereji limenoki, mara nyingi ni mafuta yamepungua, beringi ya konrodi imezunguka mahali pake na krenki imekwaruzika. Fundi hushusha injini ya silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, akafumua bloku vipande viwili. Krenki huchongwa, pengine robo milimita, kisha hutafutiwa beringi nene zaidi. Njia za mafuta, kipoza mafuta na mrija wa turbo husafishwa kwa makini, maana vumbi la chuma likibaki humo litakula beringi mpya kabla gari halijafika Bomet. Boliti hukazwa kwa kipimo na kwa zamu yake. Kilichojengwa hapo ni kipi? Bloku ni ileile, na namba iliyogongwa juu yake ndiyo iliyo kwenye logibuku. Ukinunua injini iliyotoka Japani pale Kirinyaga Road, Nairobi, namba hubadilika na una kazi ya kurekebisha kumbukumbu NTSA. Ukisuka yako, kichwa ni kilekile, nywele ni zilezile, msuko ndio mpya.

Mafundi wa hapa husema ovaholi, na sina ugomvi nao; wao hawalipwi posho ya vikao.

Matumizi ni mepesi: injini imesukwa, msuko kamili, na msuko wa juu pale kilipofunguliwa kichwa cha injini pekee. Anayeifanya kazi hiyo abaki kuitwa fundi. Msusi ana wateja wake.