Festo Kivengere

Festo Kivengere (1919–1988) alikuwa askofu wa Kianglikana wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na mhubiri wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Aliwahi kufundisha Dodoma. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Uhamishoni alikiri kwamba uchungu ulikuwa ukimla moyo. Ijumaa Kuu, akiutafakari msalaba, akaamua kusamehe. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Amin. Tumaini lake halikungoja dhalimu aanguke, na hapo ndipo ulipo uzito wa ushuhuda wake. Alirudi Uganda baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979.