Hasara za Ituri Zilivyopewa Bei

Nchini Marekani, raia wa kawaida huketi barazani na kuamua mdai alipwe kiasi gani. Mkazi wa Mudzipela, hapa Bunia, hana baraza kama hilo. Kwetu Kongo fidia hukatwa na hakimu, na hasara kubwa za vita vya Ituri zilipimwa mbali zaidi, mjini The Hague.

Kongo iliishtaki Uganda tarehe 23 Juni 1999 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hukumu ya 19 Desemba 2005 ilitamka kwamba Uganda iliikalia Ituri kimabavu. Neno hilo lilikuwa na uzito: kwa madhara yaliyotokea Ituri, hata yaliyofanywa na wanamgambo, Uganda ndiyo ilipaswa kuthibitisha kwamba haihusiki.

Ikabaki hesabu. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11 na kutaja vifo 180,000. Majaji waliona ushahidi unafikia vifo kati ya 10,000 na 15,000. Tarehe 9 Februari 2022 wakaamua Uganda ilipe dola milioni 325: 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Malipo yalipangwa kuwa milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipita njia nyingine. Baada ya Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, kutiwa hatiani kwa shambulio la Bogoro la 24 Februari 2003, majaji walisoma mafaili 341 ya walioomba fidia, moja baada ya jingine. Walikubali kwamba aliyekimbia risasi hawezi kuwa na stakabadhi ya kila kitu. Aliyefiwa na ndugu wa karibu, uchungu wake ulikadiriwa dola 8,000. Ndugu wa mbali, 4,000. Waathirika 297 walikubaliwa, na hasara yao ikafikia dola 3,752,620. Katanga alibebeshwa milioni moja, lakini hakuwa na kitu, hivyo Mfuko wa Waathirika wa mahakama hiyo ukaombwa kuilipa. Mkononi kila mmoja alipangiwa dola 250. Zilizobaki zilielekezwa kwenye makazi, masomo, miradi ya kipato na msaada wa kisaikolojia.

Desemba 2017, katika mahakama hiyohiyo, kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi mwingine wa wanamgambo, aliyetiwa hatiani kwa kuwatumia watoto vitani, ilitoa dola milioni 10. Waathirika 425 waliotambuliwa walihesabiwa dola 8,000 kila mmoja, yaani milioni 3.4. Milioni 6.6 ziliwekwa kwa ajili ya wengine ambao walikuwa hawajatambuliwa.

Katika kesi zote hizo, hesabu ilifuata ushahidi. Basi tusisubiri mahakama ituite: tuandike majina ya marehemu wetu, nyumba na mifugo iliyopotea, pamoja na majina ya walioona, tukapeleke nakala kwa avoka na kwa chefu wa kartiye wakati mashahidi wangali hai.